Magonjwa ya zinaa: maswali ambayo watu wanayauliza kwa sauti ya chini

Maswali haya ni yale yale kila siku na mengi yanaanza na "samahani, ni rafiki yangu ndo anauliza". Hamna shida, awe rafiki au uwe wewe majibu ni hayahaya. Nimeandika kama ninavyoongea ili mtu aelewe bila kuhitaji kamusi ya daktari, na pale nilipoona watu wanaumia zaidi kwa kutokujua nimekaa sana.

Magonjwa ya zinaa ni yapi hasa?

Vijidudu vinavyoweza kupita kwa njia ya ngono ni zaidi ya 30, yaani bakteria, virusi na vimelea. Ila nane ndo vinasumbua watu wengi zaidi. Vinne vinatibika vikaisha kabisa: kisonono (wengi wanaita gono), kaswende, klamidia na trikomona. Vinne vingine ni virusi: VVU, homa ya ini B, malengelenge ya sehemu za siri yaani hapesi, na HPV (kirusi kinacholeta vinyama sehemu za siri na saratani ya mlango wa kizazi). Hivi vya pili vina matibabu ya kudhibiti virusi vyenyewe au madhara yake, na viwili kati yake, homa ya ini B na HPV, vina chanjo. Na kama unadhani ni mambo ya watu wachache, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya hayo manne yanayotibika. Kwa hiyo ukijikuta unao haina maana wewe ni mtu wa ajabu.

Si ningejua tu kama ninao? Mbona mimi sina dalili yoyote

Hapa ndo naomba usome taratibu, maana hili ndo linalonifanya niandike ukurasa mzima.

Hapana, usingejua. Watu wengi wenye klamidia hawasikii kitu chochote, hakuna maumivu, hakuna uchafu, wanafanya kazi wanalala wanaamka. Trikomona karibu watu 7 kati ya 10 hawana dalili. Kisonono kwa mwanaume mara nyingi kinajitangaza lakini kwa mwanamke mara nyingi kinakaa kimya, na kikiwa kooni au njia ya haja kubwa mara nyingi kinakaa kimya kwa wote. Kaswende inatoa kidonda halafu inajificha miaka. HPV wengi wanaipata na inaondoka bila wao kujua kama iliwahi kuwepo.

Sasa ule ukimya haumaanishi mdudu amelala. Klamidia na kisonono vikikaa kwa mwanamke vinaweza kupanda kutoka mlango wa kizazi mpaka kwenye mirija ya uzazi, vinaacha makovu, na miaka kadhaa baadaye mtu anahangaika kutafuta mtoto anaambiwa mirija imeziba, anajiuliza nimefanya nini wakati hajawahi kuumwa hata siku moja. Au mimba inatunga nje ya kizazi. Wanaume nao korodani zinaweza kuvimba na wengine uzazi ukaathirika. Inaniuma kwa sababu klamidia ikigunduliwa mapema ni vidonge vya wiki moja tu basi.

Kwa hiyo dalili zikiwepo zinakusaidia kuwahi, zisipokuwepo hazikuambii kitu. Kinachosema ukweli ni kipimo.

Nasikia mkojo unaunguza na natoa usaha, hiyo ni gono si ndiyo?

Inaweza kuwa. Kwa mwanaume kisonono huwa kinaanza siku 2 mpaka 7 hivi baada ya tendo, usaha mzito wa njano au kijani, na kukojoa kunakuwa adhabu. Klamidia inachelewa kidogo, wiki 1 mpaka 3, na majimaji yake huwa mepesi meupe au hayana rangi, mwingine anaona tu alama kwenye nguo ya ndani asubuhi. Lakini kwa macho huwezi kutenganisha, na mara nyingi vinakuja vyote viwili kwa pamoja, ndo maana ukienda kituoni unaweza kupewa sindano ya kisonono na vidonge vya klamidia hapohapo.

Kwa mwanamke mkojo kuunguza watu wanakimbilia kusema UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mara nyingi ni kweli ni UTI. Ila kama umetibiwa UTI mara mbili mara tatu na inarudi, au inakuja na maumivu chini ya kitovu, damu baada ya tendo, au damu kati ya hedhi na hedhi, waambie wakupime na magonjwa ya zinaa, usione aibu kusema wewe mwenyewe maana asipouliza usipomwambia mnatibu kitu kingine.

Utoko upi ni wa kawaida na upi una shida?

Dada zangu hili. Uke wenye afya unatoa utoko, hiyo ni kazi yake. Unakuwa wa maji maji au mweupe, karibu na siku za hatari unavutika kama ute wa yai, hauwashi na haunuki vibaya. Ukishajua wa kwako wa kila siku ukoje utagundua ukibadilika.

Mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda na unawashwa kweli kweli, hiyo mara nyingi ni fangasi, na fangasi hawahesabiwi kama ugonjwa wa zinaa, wanaweza kumpata hata ambaye hajawahi kufanya ngono, mfano akitumia antibayotiki au akiwa mjamzito au sukari iko juu. Mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki ambayo inazidi baada ya tendo, hapo ni bakteria wa kawaida wa ukeni wamepoteza uwiano, nao si zinaa moja kwa moja ila usiuache maana unarahisisha maambukizi mengine kuingia. Wa njano au kijani, wenye povu, unanuka na kuwasha, hapo trikomona anashukiwa. Nimesema anashukiwa, kwa sababu hata wahudumu wenye uzoefu wakiangalia kwa macho tu wanakosea. Ukinunua dawa ya fangasi ukatumia na hali ikabaki vilevile, acha kununua ya pili, kapime.

Na tafadhali acha kuosha ndani kwa sabuni, siki, ndimu, dettol sijui nini. Kunawa nje kwa maji kunatosha. Ukiosha ndani unaua bakteria wazuri wanaokulinda, halafu harufu uliyokuwa unaikimbia ndo inarudi mara mbili.

Nilitokewa na kidonda, hakikuuma, kikapona chenyewe. Nimepona?

Hiki kidonda nakiogopa kuliko vinavyouma. Kidonda kimoja, kigumu pembeni, hakiumi, kinatokea pale mdudu alipoingilia (uume, mashavu ya uke, njia ya haja kubwa, hata mdomoni), wastani wiki 3 baada ya kuambukizwa ingawa inaweza kuwa siku 10 mpaka 90. Pengine na mitoki kwenye kinena. Kinakaa wiki 3 mpaka 6 kinapona bila dawa yoyote na mtu anashukuru Mungu. Hiyo ndo tabia ya kaswende. Kilichopona ni kidonda, mdudu yuko kwenye damu anaendelea na safari.

Wiki kadhaa baadaye unaweza kuona vipele au madoa mwilini ambayo kwa kawaida hayawashi, na alama ambayo ningependa kila mtu aijue ni madoa kwenye viganja vya mikono na nyayo za miguu. Homa kidogo, nywele kunyofoka kwa mabaka, uchovu. Nayo inapita yenyewe. Halafu kimya, miaka hata 10 au 20, na kwa baadhi ya watu inakuja kupiga moyo, ubongo, macho, masikio.

Uzuri ni kwamba ikiwa bado changa sindano ya penisilini ya muda mrefu mara moja inaimaliza, ikikaa zaidi ya mwaka ni sindano tatu, moja kila wiki. Siku ya kwanza baada ya sindano unaweza kupata homa na kutetemeka, usitishike, ni mwili unapambana na mabaki ya wadudu wanaokufa, kesho yake inatulia. Jambo lingine linalowachanganya wengi: kuna vipimo vya kaswende ambavyo vikishasoma chanya kwa kawaida vitasoma chanya maisha yako yote hata ukipona, kwa hiyo ukitibiwa tunza karatasi yako na uwaambie ulishatibiwa, watakupima kile kipimo kingine kinachoonyesha kiwango. Na kupona hakukupi kinga, unaweza kuipata tena.

Nimetokewa na malengelenge yanauma sana. Ina maana mwenza wangu ametoka nje?

Si lazima, na nimeona mahusiano yanavunjika kwa hili peke yake. Hapesi inaanza na kuwashwa au kuchoma, vinatoka vilengelenge vidogo vidogo vya maji kwa kundi, vinapasuka vinakuwa vidonda vinavyouma, vinakauka. Mara ya kwanza ndo mbaya zaidi, mpaka homa. Inaweza kutokea siku chache baada ya kuambukizwa, lakini pia mtu anaweza kukaa nayo miezi au miaka bila kutokewa na kitu ndo ije kujitokeza leo. Hivyo huwezi kusema imekuja lini na kwa nani. Tena kile kirusi cha aina ya kwanza, kinachotoa vidonda vya mdomoni vile watu wanavyoita vya homa, kinaweza kupita kwa ngono ya mdomo kikaenda chini, na watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 duniani wanacho, wengi walikipata utotoni.

Haiondoki mwilini kabisa ila dawa kama acyclovir zinafupisha kipindi cha vidonda, na kwa wengi kadri muda unavyoenda inarudi mara chache na kwa upole. Vidonda vikiwepo, au ukisikia ile hali ya kuchoma inaanza, msikutane kimwili.

Vinyama sehemu za siri ndo saratani hiyo?

Hapana. HPV ina aina zaidi ya 200. Zinazoleta vinyama (wengine wanasema masundosundo) ni hasa aina ya 6 na 11, na hizo sio zinazoleta saratani. Za saratani ya mlango wa kizazi ni nyingine, 16 na 18 ndo zinabeba karibu asilimia 70, na hizo hazioti kinyama wala haziumi, ndo maana mwanamke anahitaji kupimwa mlango wa kizazi hata kama anajisikia mzima, kuanzia miaka 30, na mwenye VVU kuanzia 25. Watu wengi mwili unaifuta HPV ndani ya miaka 2. Mabinti wa miaka 9 mpaka 14 wapate chanjo kabla hawajaanza ngono, kama una binti wa umri huo naomba usikawie.

Dalili za VVU ni zipi?

Wiki 2 mpaka 4 baada ya kuambukizwa baadhi wanapata homa, koo kuuma, tezi kuvimba, vipele, uchovu, kama mafua makali tu, inapita. Wengine hawapati kitu. Baada ya hapo miaka mingi kimya. Kwa hiyo ukianza kugugo dalili usiku utajikuta unazo zote, na hutajua chochote mpaka upime. Ukiwa umehatarisha ndani ya masaa 72 yaliyopita acha kusoma hapa nenda kituo cha afya ukaombe PEP, ni dawa za kuzuia VVU unazomeza siku 28, na ukiwahi mapema ndo zinafanya kazi vizuri. Mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri mpaka kirusi hakionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hii imethibitishwa, sio kumfariji mtu.

Homa ya ini B nayo ni zinaa?

Ndiyo, inapita kwa ngono, kwa damu na kwa mama kwenda kwa mtoto. Mtu mzima akiipata mara nyingi mwili unaishinda, mtoto mchanga akiipata kwa kawaida inabaki naye. Wembe na mswaki msichangie. Chanjo ipo, uliza kama uliwahi kuipata.

Naweza kuambukizwa kwa choo, taulo au kukumbatiana? Na kwa mdomo je?

Choo hapana. Wadudu wengi wa zinaa hawawezi kuishi juu ya kitu kikavu kwa muda wa maana. Mbu haambukizi VVU. Kinachoweza kuchangiwa kwenye nguo na matandiko ni chawa wa sehemu za siri na upele. Ngono ya mdomo ndo watu wanaidharau, wakati kisonono, kaswende, hapesi na klamidia vyote vinapita hapo, na kisonono cha kooni huwa hakina dalili.

Nikitumia kondomu niko salama asilimia mia?

Inapunguza sana, hasa VVU, kisonono, klamidia, trikomona. Kwa hapesi, HPV na kaswende inasaidia ila haifuniki kila sehemu ya ngozi. Ivaliwe kabla ya kugusana na sio mwishoni, na usitumie mafuta ya kupaka au losheni juu ya mpira wa kawaida, yanaulegeza unapasuka. Tumia kilainishi cha maji. Mbili kwa pamoja ndo usijaribu, zinasuguana.

Nipime lini? Nimekutana na mtu juzi

Ukipima kesho yake utapata jibu la jana. Klamidia na kisonono subiri kama wiki 2, kipimo ni mkojo au pamba ya kufutia. Kaswende pima, na ukiwa hasi rudia baada ya miezi 3. VVU kipimo cha damu ya mshipani cha maabara kinachotafuta kirusi na kinga kwa pamoja kinaweza kuona kuanzia siku 18 mpaka 45, vile vya haraka vya kidole jibu la uhakika ni siku 90. Ukiwa tayari una dalili usisubiri siku yoyote, nenda leo. Na sema ukweli kuhusu sehemu ulizotumia, maana kipimo cha mkojo hakiwezi kuona kisonono kilichoko kooni.

Si ninunue tu dawa famasi nimalizane nayo?

Naelewa kwa nini, ni aibu na foleni. Lakini kisonono kimeshazoea penisilini, tetrasaiklini, sipro, dawa zilizokuwa zinakimaliza zamani, sasa hivi tegemeo ni sindano ya ceftriaxone. Ukimeza vidonge vya kubahatisha usaha unaweza kupungua, unadhani umepona, kumbe umebaki na mdudu aliyejifunza dawa na unampelekea mwenzako. Na dawa ya rafiki iliyobaki nusu dozi usiiguse kabisa.

Mwenza wangu hana dalili, naye atibiwe?

Atibiwe. Hili ndo sababu ya kwanza ya watu kusema "gono yangu haiponi". Inapona, halafu unairudisha kutoka kwa mwenzako ambaye hajui kama anayo. Mtibiwe wote, msikutane siku 7 baada ya dozi na mpaka dalili ziishe kwa wote, kisha klamidia, kisonono na trikomona mrudie kupima baada ya miezi 3 hivi.

Kumwambia ndo kazi. Usianze na nani kaleta, kwa sababu mara nyingi haijulikani na mkishaanza hapo hamfiki hospitali. Sema fupi: "Nimepimwa nimekutwa na klamidia, inatibika, daktari amesema na wewe utibiwe hata kama husikii kitu, twende wote kesho." Kama unahofia atakupiga au atakufukuza mwambie muuguzi kabla hujatoka, wanaweza kumfikishia ujumbe bila kukutaja jina. Usijiweke hatarini.

Nina mimba, nifanye nini?

Wahi kliniki na upime VVU, kaswende na homa ya ini B mapema. Kaswende isipotibiwa inaweza kuua mtoto tumboni, na penisilini inamlinda. Mama mwenye VVU akitumia dawa vizuri hatari ya kumwambukiza mtoto inashuka mpaka asilimia 1 au chini. Mtoto akizaliwa na macho yakaanza kutoa usaha siku za mwanzo mrudishe siku hiyohiyo, kisonono kinaweza kumpofusha. Na ukitokewa na malengelenge kwa mara ya kwanza mimba ikiwa kubwa waambie mara moja, wanaweza kuamua uzae kwa upasuaji.

Lini nisisubiri mpaka kesho?

Maumivu makali chini ya tumbo na homa. Hedhi imechelewa halafu tumbo linauma upande mmoja, au unasikia kizunguzungu, hata kama damu inayotoka ni kidogo. Homa na viungo kuvimba baada ya kutokwa usaha. Kuona au kusikia kubadilika ghafla kwa mtu mwenye kaswende. Na kwa kijana wa kiume, pumbu moja ikianza kuuma ghafla, imevimba au imepanda juu, anatapika, hapo inaweza isiwe zinaa kabisa, inaweza kuwa korodani imejisokota na damu haifiki, na ili kuiokoa vizuri ana kama masaa 6 tu, kwa hiyo akuamshe hata saa 8 usiku na muende.